Somo la Mitambo: Kilainishi Katika Dizeli, Kinga ya Pampu au Chanzo cha Hasara?



Mvua za kwanza zinapogonga mabati ya Ifakara, kila mwenye pawatila au trekta katika Bonde la Kilombero hutambua kuwa muda haumsubiri. Shamba la mpunga hulimwa likiwa na unyevu wa kutosha, kabla maji hayajalifunika. Siku hizo ni chache. Pampu ya dizeli ikifa katikati yake, mkulima hapotezi fedha za spea peke yake, bali huweza kupoteza msimu mzima. Hali ni hiyo hiyo kwa mwenye mashine ya kukoboa wakati wa mavuno, kwa mwenye pampu ya umwagiliaji, kwa treni za TAZARA zinazopita katikati ya bonde letu, na kwa gari la wagonjwa linalovuka Daraja la Magufuli kutoka upande wa Ulanga kuja Hospitali ya Mtakatifu Francis. Wote hao wanategemea dizeli.

Kwa hofu ya hasara hiyo, wapo wamiliki wa mitambo wanaomimina oili kidogo katika tangi la dizeli kwa nia ya kulinda pampu. Wengine hutumia oili mpya, wengine oili ya tu-stroki, na wengine oili chafu iliyomwagwa kutoka injini nyingine. Nia ni njema, na wazo lenyewe lina asili ya kweli katika uhandisi. Hata hivyo, namna linavyotekelezwa mara nyingi huleta madhara yale yale yanayokimbiwa. Somo hili linaeleza kilainishi ni nini, kwa nini dizeli inakihitaji, nani hukiweka, na mwananchi afanye nini ili mtambo wake udumu.

Kazi mbili za dizeli

Wengi tunaijua dizeli kwa kazi moja, nayo ni kuungua ili kutoa nguvu. Kazi ya pili haionekani: dizeli ndiyo oili ya pampu na nozeli.

Ndani ya pampu kuna kijiti cha chuma kiitwacho plunja, kinachopanda na kushuka ndani ya silinda yake ndogo. Nafasi iliyopo kati ya plunja na silinda hiyo ni kama maikromita 2 hadi 4. Maikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita, na unywele wa binadamu una unene wa maikromita 70 hivi. Kwa hiyo nafasi hiyo ni nyembamba kuliko unywele kwa zaidi ya mara kumi. Ni lazima iwe hivyo, kwa kuwa dizeli husukumwa kwa kani kubwa. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa bari 2 hivi. Nozeli ya injini ndogo ya silinda moja hufunguka dizeli inapofikia zaidi ya bari 100, na katika magari mapya yenye mfumo wa kielektroniki kani hiyo hupita bari 1,600.

Sehemu nyingine za injini hulainishwa na oili iliyoko chini ya injini. Plunja na sindano ya nozeli hazifikiwi na oili hiyo. Hulainishwa na dizeli inayopita. Dizeli ikiwa kavu, yaani ikikosa uwezo wa kulainisha, chuma hukwaruza chuma. Mikwaruzo hiyo haionekani kwa macho, lakini dizeli huanza kuvuja kupitia humo, kani hupungua, na injini hukosa nguvu.

Kwa nini ulainishi wa dizeli ulipungua

Dizeli inayotoka katika mafuta ghafi huwa na salfa. Salfa ikiungua hutoa moshi wenye sumu unaodhuru mapafu na kuharibu vifaa vya kusafisha moshi katika magari ya kisasa. Kwa sababu hiyo, nchi nyingi zimekuwa zikipunguza salfa katika dizeli. Kuanzia Januari 2015, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo, zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Hatua hiyo ilikuwa ya heri kwa afya za watu.

Hapa panahitaji uangalifu, kwa maana kuna dhana isiyo sahihi iliyoenea. Wengi husema kuwa salfa ndiyo iliyokuwa ikilainisha pampu. Sivyo. Viwandani, salfa huondolewa kwa kutumia haidrojeni katika joto kali na kani kubwa. Utaratibu huo huondoa pia viini vingine vya asili vyenye oksijeni na nitrojeni, ambavyo hushikamana na chuma na kukifunika kwa utando mwembamba. Viini hivyo ndivyo vilivyokuwa kilainishi. Salfa ilipoondolewa, navyo viliondoka.

Sweden ilijifunza jambo hili mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nchi hiyo ilipoanza kutumia dizeli yenye salfa kidogo sana, pampu za magari zilianza kuharibika baada ya safari fupi. Wahandisi walichunguza, wakabaini sababu, na tangu hapo viwanda vya mafuta vikaanza kurudisha ulainishi kwa kuongeza kilainishi maalumu.

Kipimo cha ulainishi kikabuniwa pia. Mpira mdogo wa chuma wenye kipenyo cha milimita 6 husuguliwa juu ya kisahani cha chuma kilichozama katika dizeli yenye joto la nyuzi 60, kwa muda wa dakika 75. Kisha kovu lililobaki juu ya mpira hupimwa kwa darubini. Viwango vya Ulaya vinataka kovu hilo lisizidi maikromita 460. Kadiri kovu linavyokuwa dogo, ndivyo dizeli inavyolainisha vizuri zaidi.

Kijiko kimoja cha chai

Kilainishi kinachotumiwa na wataalamu mara nyingi hutengenezwa kutokana na asidi za mafuta ya mimea. Kila chembe yake ina kichwa kinachoshika chuma na mkia unaobaki upande wa dizeli. Chembe hizo hujipanga juu ya chuma kama nyasi za paa zilivyopangwa, zikazuia chuma kisigusane na chuma.

Jambo la kuzingatia ni kiasi. Kwa kawaida, kilainishi hicho huongezwa kiasi cha sehemu 100 hadi 300 tu kwa milioni. Tukikileta kipimo hicho nyumbani kwetu, katika dumu la lita 20 ni mililita 2 hadi 6, yaani karibu na kijiko kimoja cha chai.

Sasa tuseme mkulima wa Lumemo anamimina nusu lita ya oili katika dumu lake la lita 20. Amezidisha mara mia moja ya kijiko hicho, tena kwa kitu ambacho hakikutengenezwa kwa kazi hiyo. Na iwapo dizeli yake ilikidhi viwango, kijiko kilichohitajika kilikwisha kuwekwa kabla yeye hajainunua.

Je, niongeze mwenyewe?

Tuvichambue vitu vinavyotumika, kimoja baada ya kingine.

*Oili chafu.* Jibu ni hapana, katika hali yoyote. Oili iliyokwisha kutumika imebeba masizi, maji, asidi, na vumbi la chuma kilicholika ndani ya injini ya kwanza. Vumbi hilo likiingia katika nafasi ya maikromita 3 hugeuka msasa. Filta nayo huziba mapema. Anayeweka oili chafu hupeleka ugonjwa wa injini moja katika pampu ya injini nyingine.

*Oili mpya ya injini.* Hii haina uchafu, lakini ni nzito kuliko dizeli, hivyo nozeli hushindwa kuipuliza kwa ukungu laini. Aidha, imewekewa kemikali zenye kalisi na zinki ambazo haziungui zikaisha. Huacha majivu juu ya nozeli na valvu. Imetengenezwa ili ikae ndani ya injini, si ili iungue.

*Oili ya tu-stroki.* Hii hutengenezwa iungue pamoja na petroli, kwa hiyo huacha majivu machache. Wapo wanaoichanganya kwa uwiano wa 1 kwa 200, yaani mililita 100 kwa lita 20. Madhara yake ni madogo kuliko ya oili chafu, lakini haikutengenezwa kwa ajili ya dizeli. Katika gari jipya lenye mfumo wa kielektroniki na chujio la moshi haifai, na mtengenezaji aweza kukataa dhamana yake.

*Mafuta ya kula.* Ni kweli kwamba katika maonesho ya Paris ya mwaka 1900 injini iliyobuniwa na Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Ni kweli pia kuwa dizeli ya mimea iliyotengenezwa kiwandani huongeza ulainishi hata ikichanganywa kwa asilimia 2 tu. Lakini mafuta ghafi ya alizeti au mawese hayajapitia kiwandani. Hugeuka gundi katika nozeli na kunatisha ringi za pistoni.

*Kilainishi maalumu cha dizeli.* Hiki ndicho pekee kinachoweza kuongezwa, kwa masharti matatu. Kwanza, kitabu cha mtambo kisiwe kimekataza. Pili, maandishi ya chupa yaseme wazi kuwa ni kwa ajili ya dizeli na yataje kipimo. Tatu, kipimo hicho kifuatwe bila kuzidisha. Sirinji safi kutoka duka la dawa inatosha kupimia. Kimimine kwanza katika tangi, kisha ongeza dizeli juu yake ili vichanganyike. Kwa mtambo unaotumia dizeli bora si lazima. Kwa trekta la zamani, au mtambo utakaolala miezi kadhaa baada ya msimu, kinaweza kusaidia.

Izingatiwe kuwa hakuna kilainishi kinachoweza kufufua plunja iliyokwisha kulika. Kinga ni bora kuliko tiba, na kwa plunja hakuna tiba ila kubadilisha.

Adui watatu wa pampu

Iwapo dizeli inayokidhi viwango tayari ina kilainishi, kwa nini basi pampu hufa? Kuna adui watatu ambao oili haiwazuii.

Adui wa kwanza ni maji. Bonde letu lina joto na unyevunyevu mwingi. Tangi lililobaki nusu usiku kucha huvuta hewa yenye unyevu. Kukipoa, unyevu huo hugeuka matone juu ya kuta za tangi na kushuka chini ya dizeli. Maji hayana ulainishi, hutia kutu, na yakifika katika ncha ya nozeli yenye moto hugeuka mvuke wa ghafla unaoweza kuipasua. Katika mpaka wa maji na dizeli huota pia vijidudu vinavyotengeneza utelezi mweusi unaoziba filta.

Adui wa pili ni uchafu. Vumbi la barabara, matope ya shambani, kutu ya pipa kuukuu na nyuzi za kitambaa huingia wakati wa kumimina. Mtambo unaojazwa shambani kwa dumu lisilo na mfuniko uko hatarini kuliko gari linalojazwa kituoni.

Adui wa tatu ni mafuta ya taa. Ni mepesi kuliko dizeli na ulainishi wake ni mdogo, na aliyechanganya kwa siri hawezi kutegemewa kuurudisha. Tatizo hili lilikuwa kubwa nchini kiasi kwamba mwaka 2010 Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, ilianzisha mpango wa kuweka vinasaba katika mafuta ili yaliyochakachuliwa yatambulike. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kufuta tofauti ya bei iliyokuwa ikiwavutia wachakachuaji. Ifahamike kuwa kinasaba si kilainishi. Kinasaba hutambulisha mafuta, hakilindi pampu.

Utaratibu wa kufuata

Wananchi wanashauriwa kuzingatia yafuatayo, hasa kabla ya msimu wa kulima kuanza:

1. Nunua dizeli katika kituo chenye leseni na udai risiti. Dizeli ya chupa na madumu ya kando ya barabara haina wa kuulizwa.

2. Tenga dumu la dizeli peke yake. Lisiwekwe maji, petroli wala oili. Epuka vyombo vya bati vilivyopakwa zinki, kwa sababu dizeli huathiriana na zinki.

3. Liache dumu au pipa litulie kwa saa 24 kabla ya kulitumia. Chota kutoka juu, na mabaki ya chini usiyamimine katika tangi.

4. Tumia mrija wenye chujio laini la waya. Leso na vipande vya kanga huacha nyuzi.

5. Jaza tangi jioni baada ya kazi, usingoje asubuhi. Tangi lililojaa halina nafasi ya hewa yenye unyevu.

6. Fungua koki ya chini ya filta kila asubuhi ukatoe maji, hata kama ni matone machache. Wakati wa masika fanya hivyo bila kukosa.

7. Badilisha filta kwa wakati uliotajwa katika kitabu cha mtambo, kisha toa upepo katika mfumo kabla ya kuwasha. Filta ni rahisi mno ikilinganishwa na pampu.

8. Oili chafu ihifadhiwe katika dumu lenye mfuniko. Isimwagwe mtaroni wala katika Mto Lumemo. Muulize Afisa Afya wa kata namna ya kuitupa kwa usalama.

Ukitaka kuichunguza dizeli uliyonunua, weka kidogo katika chupa ya kioo safi na uitazame kwenye mwanga. Iwe angavu, isiwe na ukungu. Iache usiku mmoja. Maji na mchanga vitashuka chini. Mafuta ya taa hayaonekani kwa njia hii, hivyo ukiyashuku usijiridhishe kwa macho wala kwa kunusa.

Dalili za pampu au nozeli inayoanza kufa

Usingoje mtambo uzime shambani. Mpeleke fundi wa pampu ukiona mojawapo ya haya: injini inawaka vizuri ikiwa baridi lakini inakataa ikiwa moto, nguvu inapungua kwenye tope lile lile ililolimudu mwaka jana, moshi mweusi au mweupe unaozidi kawaida, mlio wa kugonga usiokuwepo awali, matumizi ya dizeli yanayoongezeka, au kiwango cha oili ya injini kinachopanda badala ya kushuka. Dalili hii ya mwisho ni ya hatari, kwani huenda dizeli inavuja na kuingia katika oili. Zima mtambo mara moja.

Injini kukataa kuwaka ikiwa moto kuna sababu yake. Dizeli yenye joto ni nyepesi, nayo hupita kwa urahisi katika mikwaruzo ya plunja iliyolika. Injini ikipoa dizeli huwa nzito kidogo, pampu ikaweza tena kuisukuma. Wengi hudanganyika hapo wakidhani mtambo umepona.

Haki ya mnunuzi

Ukiwa na sababu ya kuamini kuwa umeuziwa mafuta mabovu, hifadhi risiti, andika tarehe na saa ya kununua, na weka sampuli katika chombo safi kilichofungwa. Toa taarifa katika ofisi ya kata yako au moja kwa moja kwa EWURA. Mambo ya ubora wa bidhaa yako pia chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Malalamiko yasiyo na risiti ni vigumu kuyafuatilia, kwa hiyo usiondoke kituoni bila hiyo karatasi ndogo.

Maswali ya kujipima

Baada ya kusoma, jiulize, au waulizeni wenzenu katika kikundi cha wakulima:

1. Ni sehemu zipi za injini zinazolainishwa na dizeli yenyewe?
2. Kwa nini si sahihi kusema kuwa salfa ndiyo iliyokuwa kilainishi?
3. Kilainishi cha kiwandani katika dumu la lita 20 ni kiasi gani, na wewe umekuwa ukiweka kiasi gani cha oili?
4. Ni lini mara ya mwisho ulifungua koki ya filta ukatoa maji?

Swali la nne ndilo litakalookoa pampu nyingi kuliko mengine yote. Kama jibu lake hulikumbuki, lifanyie kazi leo jioni, kabla mvua hazijaanza na mafundi wa pampu hawajazidiwa na foleni.